Jinsi ya kuichambua namba kubwa hatua kwa hatua: mfano wa 1,113,322,392

Ukipewa namba ya tarakimu kumi na kuambiwa uieleze, maswali huja kwa wingi. Inagawanyika kwa ngapi? Ina vigawo vingapi, na jumla yake ni ngapi? Ni mraba wa namba nyingine? Ukigawa 1 kwa namba hiyo, desimali zitaanza kujirudia baada ya tarakimu ngapi? Maswali yote haya yana mlango mmoja: kuivunja namba kuwa namba tasa zinazozidishana. Ukishaivunja, yanayobaki ni kuzidisha na kutoa tu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuvunja, na kuhakiki ulichovunja. Kosa moja hapo huharibu kila jibu linalofuata, wala halijitangazi.

Tutakwenda na 1,113,322,392 toka mwanzo hadi mwisho. Unahitaji karatasi, kalamu, na kikokotoo kinachoonyesha tarakimu kumi au zaidi. Cha tarakimu nane hakitoshi. Vikokotoo vingine vikizidiwa huandika kitu kama 1.1133e9, na hapo tarakimu za mwisho zimeshafichwa. Hizo ndizo tunazozihitaji kuliko zote.

Kabla ya hesabu yoyote

Andika namba kwa makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: 1 | 113 | 322 | 392. Makundi haya si mapambo, tutayafanyia hesabu baada ya muda mfupi. Kisha isome kwa sauti: bilioni moja, milioni mia moja kumi na tatu, mia tatu ishirini na mbili elfu, mia tatu tisini na mbili. Namba hii ina 1 tatu mfululizo, kisha 3 mbili, kisha 2 mbili. Ukiinakili kwa haraka ni rahisi kuruka tarakimu moja, na hakuna kanuni itakayokuokoa ikiwa namba yenyewe umeiandika vibaya.

Tafuta pia kipeuo chake cha pili, angalau kwa kukadiria. 33,366 × 33,366 = 1,113,289,956, na 33,367 × 33,367 = 1,113,356,689. Namba yetu iko katikati, kwa hiyo si mraba kamili. (Hata bila hesabu hiyo ungejua: mraba hauishii kamwe kwa 2, 3, 7 wala 8.) Umuhimu wa kipeuo ni huu: namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Chini ya 33,366 zipo namba tasa zaidi ya 3,200. Ukifuata utaratibu, hutajaribu hata kumi kati ya hizo.

Hatua ya 1: 2, 3 na 5

Kwa 2 na vipeo vyake, angalia mwisho wa namba tu. Tarakimu ya mwisho ni 2, kwa hiyo ni shufwa. Mbili za mwisho ni 92, inayogawanyika kwa 4. Tatu za mwisho ni 392 = 8 × 49, kwa hiyo 8 inaingia. Nne za mwisho ni 2392, na ukigawa kwa 16 unapata 149.5, kwa hiyo 16 haiingii. Kipeo cha 2 ni 3, yaani 2³, na hapo tunasimama.

Kwa 5, tarakimu ya mwisho si 0 wala 5. Imetoka.

Kwa 3, jumlisha tarakimu zote: 1+1+1+3+3+2+2+3+9+2 = 27. Kanuni hii inafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1. Kwa hiyo namba nzima na jumla ya tarakimu zake hubakiza kiasi kilekile. 27 inagawanyika kwa 9, basi namba yetu inagawanyika kwa 9.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Jumla ni 27, na mtu anaandika kwamba namba inagawanyika kwa 27, yaani 3³. Si kweli. Kanuni ya jumla ya tarakimu inahusu 3 na 9 peke yake, kwa kuwa 10 ikigawanywa kwa 27 haibakizi 1. Njia salama ni kugawa kwa 9 kwanza, kisha kujumlisha tarakimu za jibu upya. Tutafanya hivyo kwenye hatua ya 3, na utaona kwamba kipeo cha 3 ni 2 tu.

Hatua ya 2: 7, 11 na 13 kwa pigo moja

7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa hiyo 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja, na kila unapovuka koma kuelekea kushoto, alama inageuka. Chukua makundi yako ya tatu tatu kuanzia kulia, toa na ongeza kwa zamu:

392 − 322 + 113 − 1 = 182

Sasa badala ya kujaribu namba ya mabilioni, jaribu 182. 182 ÷ 7 = 26, inaingia. 182 ÷ 13 = 14, inaingia. 182 ÷ 11 inabakiza 6, haiingii. Kwa hesabu ya mstari mmoja umemaliza namba tasa tatu.

Mambo mawili ya kuzingatia. Anza kulia, si kushoto. Makundi yakiwa manne kama hapa, ukianza kushoto utapata −182, ambayo haidhuru kwa swali la kugawanyika, lakini ukihitaji baki lenyewe utalikosea. Pili, jibu likiwa 0 usidhani umekosea. Maana yake ni kwamba 7, 11 na 13 zote zinaingia.

Uhakiki wa haraka kwa 11: chukua tarakimu moja moja kuanzia kulia kwa zamu ya kuongeza na kutoa: 2−9+3−2+2−3+3−1+1−1 = −5. Ukiongeza 11 unapata 6, ambalo ndilo baki tuliloliona juu. Njia mbili tofauti zimekutana, kwa hiyo tunaendelea.

Hatua ya 3: gawa, na uhakiki kila jibu

1,113,322,392 ÷ 8 = 139,165,299
139,165,299 ÷ 9 = 15,462,811
15,462,811 ÷ 7 = 2,208,973
2,208,973 ÷ 13 = 169,921

Baada ya kila mgawanyo, uliza tena kama kigawo kilekile kinaingia mara nyingine. Jumla ya tarakimu za 15,462,811 ni 28, kwa hiyo 3 imekwisha, na ile 27 ya mwanzo haikuwa na maana ya 3³. Kwa 2,208,973, makundi yanatoa 973 − 208 + 2 = 767 = 13 × 59: 7 imekwisha, 13 bado ipo. Kwa 169,921 ni 921 − 169 = 752, ambayo haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13. Kuacha ukaguzi huu ndiyo sababu kubwa ya watu kupata vipeo vibaya.

Uhakiki wa migawanyo yenyewe hufanywa kwa 9 na kwa 11, zote mbili, kwa sababu moja peke yake haitoshi. Tuseme mkono umeteleza ukaandika 2,209,873 badala ya 2,208,973. Tarakimu ni zilezile, mbili zimebadilishana nafasi tu, na jumla bado ni 31. Hesabu ya 9 itapita bila kulalamika, kwa sababu kubadilishana nafasi huleta tofauti inayogawanyika kwa 9 daima. Hesabu ya 11 inalinasa kosa. Kwa namba sahihi: 3−7+9−8+0−2+2 = −3, yaani 8. Kwa ile yenye kosa: 3−7+8−9+0−2+2 = −5, yaani 6. Na inavyotakiwa iwe: 13 inabakiza 2 kwa 11, 169,921 inabakiza 1−2+9−9+6−1 = 4, na 2 × 4 = 8. Kosa limeonekana kabla halijasafiri.

Hatua ya 4: je, 169,921 ni tasa?

Tumebaki na 169,921. Kipeuo chake cha pili ni 412 na ushee. Kujaribu namba tasa zote kuanzia 17 kunawezekana, lakini kabla ya kujichosha ni vyema kujua kama kuna kitu cha kutafuta. Kipimo kinatokana na kanuni ya Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17: ikiwa p ni tasa na haigawi 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1, ikigawanywa kwa p, hubakiza 1.

Hapa tunatafuta baki la 2 kwa kipeo 169,920 ikigawanywa kwa 169,921. Huhitaji kuzidisha mara 169,919. Unapiga mraba, unachukua baki, unapiga mraba tena, na kwa kipeo hiki mizunguko 17 inatosha. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, andika:

pow(2, 169920, 169921)

Jibu ni 162785. Si 1, kwa hiyo 169,921 si tasa, bila shaka yoyote, ingawa bado hatujui kigawo chake hata kimoja. Usiandike 2**169920 % 169921. Jibu litakuwa lilelile, lakini kompyuta italazimika kwanza kujenga namba yenye tarakimu zaidi ya 51,000 kabla ya kuigawa. Kwa namba kubwa zaidi ya hii programu itakwama.

Kipimo hiki kina upande mmoja tu wa uhakika. Baki lisipokuwa 1, namba si tasa. Baki likiwa 1, bado hujathibitisha kitu. 341 inabakiza 1 kwa kipimo cha 2, ilhali ni 11 × 31. Mbaya zaidi ni 561 = 3 × 11 × 17, ambayo hukipita kipimo hiki kwa kila namba utakayoanzia, mradi isiwe na kigawo cha shirika na 561. Ukipata 1, endelea kujaribu vigawo hadi kwenye kipeuo, au tumia kipimo chenye nguvu zaidi.

Hatua ya 5: tofauti ya miraba miwili

Fermat huyohuyo alikuwa na njia ya kuvunja namba ambayo vigawo vyake viwili vimekaribiana. Namba witiri ikiandikika kama a² − b², basi ni (a − b) × (a + b). Anza na namba nzima iliyo juu tu ya kipeuo cha pili, ambayo hapa ni 413, upige mraba, utoe 169,921, uone kama kinachobaki ni mraba.

413² = 170,569. Toa: 648. Inaishia kwa 8, si mraba.

414² = 171,396. Toa: 1,475. Mraba unaoishia kwa 5 lazima uishie kwa 25. Hii inaishia kwa 75, si mraba.

415² = 172,225. Toa: 2,304. Hii ni 48 × 48.

Basi 169,921 = (415 − 48) × (415 + 48) = 367 × 463.

Tumeipata kwa majaribio matatu, na mawili ya kwanza tumeyakataa kwa kuangalia mwisho wa namba tu. Kwa kujaribu namba tasa moja moja kuanzia 17 ungefika 367 kwenye jaribio la 67. Fermat mwenyewe aliionyesha njia hii kwa 2,027,651,281: alianza na 45,030 na kufika kwenye 45,041, majaribio kumi na mawili, akapata 44,021 × 46,061. Inapendeza kuirudia kwa mkono kama zoezi.

Njia hii inashindwa pale vigawo vinapokuwa mbalimbali. Namba ambayo ni 3 mara namba tasa kubwa itakuweka hapo hadi uzeeke. Ndiyo sababu tunaondoa kwanza vigawo vidogo kwa hatua ya 1 na ya 2, kisha ndipo tunaingia hapa. Majaribio kama ishirini yakipita bila mraba, rudi kwenye kugawa kwa namba tasa. Na usiitumie kwa namba inayogawanyika kwa 2 lakini si kwa 4: hakuna tofauti ya miraba miwili iliyo hivyo, kwa hiyo utatafuta milele.

Hatua ya 6: funga kazi

367 na 463 ni tasa? Kipeuo cha 367 kiko chini ya 20, na cha 463 chini ya 22. Kwa hiyo vigawo vya kujaribu ni hadi 19. Lakini 2, 3, 5, 7, 11 na 13 tumeshahakikisha hazigawi 169,921, basi haziwezi kugawa vigawo vyake. Zimebaki 17 na 19 tu. 367 inabakiza 10 kwa 17 na 6 kwa 19. 463 inabakiza 4 kwa 17 na 7 kwa 19. Zote mbili ni tasa.

Jibu kamili:

1,113,322,392 = 2³ × 3² × 7 × 13 × 367 × 463

Zidisha tena kwa mpangilio mwingine, si ule uliotumia kugawa. Ukirudia njia ileile utarudia kosa lilelile. Mpangilio mzuri ni 8 × 9 × 463 = 33,336 na 7 × 13 × 367 = 33,397. Kisha 33,336 × 33,397 = 1,113,322,392. Tazama namba hizo mbili zilivyokaribiana: tofauti yake ni 61 tu, na kipeuo kiko katikati yake. Ukitaka kupanga vitu 1,113,322,392 kwenye mstatili unaokaribia kabisa kuwa mraba, hivyo ndivyo vipimo vyake.

Sasa soma sifa za namba

*Idadi ya vigawo.* Ongeza 1 kwa kila kipeo, zidisha: (3+1) × (2+1) × 2 × 2 × 2 × 2 = 192. Tunaongeza 1 kwa sababu kigawo kinaweza pia kutochukua kabisa namba tasa fulani. Vigawo hivyo vinakaa jozi 96, na kwa kuwa namba si mraba hakuna kinachobaki bila mwenzake. Hili ni jaribio zuri: idadi ya vigawo ikitoka witiri na namba si mraba, kuna kipeo umekikosea.

*Jumla ya vigawo.* Kwa kila namba tasa jumlisha vipeo vyake kuanzia 1, kisha zidisha majibu:

(1+2+4+8) × (1+3+9) × (1+7) × (1+13) × (1+367) × (1+463)
= 15 × 13 × 8 × 14 × 368 × 464
= 3,729,223,680

Kosa la kawaida ni kusahau ile 1 ya mwanzo. Ukiisahau kwa 2 peke yake unapata 14 badala ya 15, na jibu zima linapungua bila dalili. Ukitoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 2,615,901,288, zaidi ya mara mbili ya namba. Kwa hiyo si namba kamilifu kama 6, 28 au 496, bali vigawo vyake vinaizidi. Hilo ungeweza kulisema tangu hatua ya 1: kila kigawe cha 6 kilicho kikubwa kuliko 6 ni hivyo.

*Namba zisizoshirikiana nayo.* Kati ya 1 na 1,113,322,392, ni ngapi zisizo na kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1? Kwa kila namba tasa p yenye kipeo k, chukua p kwa kipeo k, utoe p kwa kipeo k − 1. Yaani (8−4) × (9−3) × 6 × 12 × 366 × 462 = 292,190,976, kama asilimia 26.2 ya namba zote. Angalia kwamba 9 inatoa 6, si 8. Mtu anayetoa 1 kila mahali hukosea kwenye kila kipeo kilichozidi 1.

*Miraba.* Mraba mkubwa zaidi unaoigawa ni 2² × 3² = 36. Ili namba yenyewe iwe mraba, kila kipeo lazima kiwe shufwa, kwa hiyo izidishe kwa 2 × 7 × 13 × 367 × 463 = 30,925,622. Mraba utakaoupata ni wa 185,553,732.

Haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili. Sharti ni kwamba kila namba tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4 iwe na kipeo shufwa. Hapa 3 imetimiza, lakini 7, 367 na 463 zote zinabakiza 3 na kila moja ina kipeo 1. Kwa miraba mitatu inawezekana: gawa kwa 4 kadiri inavyokubali, unapata 278,330,598, ambayo inabakiza 6 kwa 8. Kikwazo pekee kingekuwa baki la 7. Na kama tofauti ya miraba miwili, zipo njia 48: gawa namba kwa 4, hesabu vigawo vya 278,330,598, ambavyo ni 96, chukua nusu. Iliyo rahisi kuiandika ni 278,330,599² − 278,330,597².

*Desimali za 1 ÷ 1,113,322,392.* Sehemu hii inahitaji uangalifu zaidi. Vigawo 2 na 5 huamua tarakimu ngapi zinapita kabla ya mrudio kuanza. Tuna 2³ na hatuna 5, basi ni tarakimu 3. Kwa sehemu iliyobaki, tafuta kwa kila kimoja kipeo kidogo kabisa cha 10 kinachobakiza 1: kwa 9 ni 1, kwa 7 ni 6, kwa 13 ni 6, kwa 367 ni 366, kwa 463 ni 154.

Hiyo 154 inapatikanaje? Kipeo lazima kiwe kigawo cha 462, kwa hiyo jaribu vigawo vya 462 tu. 10 kwa kipeo 77, ikigawanywa kwa 463, inabakiza 462, ambayo ni sawa na −1. Ukiipiga mraba unapata 1, na kipeo ni 154. Kabla ya kuridhika hakikisha hakuna kidogo zaidi: vipeo 14 na 22 vinabakiza 134 na 308, kwa hiyo hakuna.

Mwisho, chukua Kigawe Kidogo cha Shirika cha 1, 6, 6, 366 na 154. 366 = 2 × 3 × 61 na 154 = 2 × 7 × 11, basi KDS = 2 × 3 × 7 × 11 × 61 = 28,182. Tarakimu tatu, kisha mrudio wa tarakimu 28,182. Anayezidisha 366 × 154 badala ya kutafuta KDS anapata 56,364, mara mbili ya jibu.

*Kwa tarakimu za 0 na 1.* 2 kwa kipeo 30 ni 1,073,741,824, ndogo kuliko namba yetu, na kipeo 31 kinaizidi. Kwa hiyo ina tarakimu 31:

100 0010 0101 1011 1111 0011 1001 1000

Sifuri tatu za mwisho ndizo 2³ yetu. Zikiwa mbili au nne, umekosea kugeuza. Kwa mfumo wa kumi na sita ni 425BF398.

Kompyuta inapokudanganya

Namba yenyewe inaenea kwenye nafasi ya biti 32 yenye alama, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Jumla ya vigawo vyake haienei. Programu iliyoandikwa bila kulijali hilo itakupa −565,743,616, yaani 3,729,223,680 iliyotolewa 4,294,967,296. Ukiona jumla ya vigawo ikiwa hasi, usitafute kosa kwenye kanuni. Badilisha aina ya namba iwe ya biti 64.

Lahajedwali huhifadhi tarakimu 15 zenye maana, na zinazozidi hugeuzwa sifuri kimyakimya. Lugha zinazotumia namba za desimali kwa kila kitu huanza kupoteza namba nzima baada ya 9,007,199,254,740,992, ambayo ni 2 kwa kipeo 53. Python haina kikomo hicho kwa namba nzima, lakini tumia // kugawa. Alama ya / hugeuza jibu kuwa desimali na kukurudisha kwenye kikomo hichohicho.

Namba ikifika tarakimu 20 na vigawo vyake vidogo vikiisha mapema, acha kugawa kwa mkono. Njia ya rho ya John Pollard, ya mwaka 1975, hupata kigawo p kwa hatua zinazokaribia kipeuo cha pili cha p, na programu yake haizidi mistari ishirini. Tarakimu zikifika mamia, na vigawo vikiwa viwili tu vilivyochaguliwa kwa makusudi, hata hiyo haifui dafu. RSA-250, namba ya tarakimu 250, ilivunjwa Februari 2020 kuwa namba tasa mbili za tarakimu 125 kila moja, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa takriban miaka 2,700.